Kosa Lisilopewa Jina Lake

Mwaka jana, baada ya matokeo ya mitihani kutangazwa, mzazi mmoja wa Mikelenge, hapa Kindu, alikuja kutuona. Alikaa kitambo bila kusema neno. Kisha akasema: "Binti yangu hataki kurudi chuoni. Nimeuza mpunga wa miaka miwili kwa ajili ya masomo yake, naye asema ni afadhali ashike jembe." Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa shida, akitazama chini. Mwalimu mmoja alikuwa amemwambia binti aje nyumbani kwake jioni ili achukue pointi zake. Binti hakwenda. Siku ya matokeo, pointi za somo lile hazikuonekana. Baba alipofika chuoni kuuliza, alijibiwa kwa upole kwamba mambo ya namna hii ni heri yamalizwe kwa mapatano, kati ya familia na mwalimu, ili jina la mtoto lisiharibike.

Chuo kile hatutakitaja, wala mwalimu yule. Walakini yatupasa kukiri neno moja. Baba yule alituomba shauri, nasi tukampa shauri baya. Tulimwambia avumilie, binti arudie mtihani katika kipindi cha pili, mwaka upite. Tulidhani tumesema maneno ya busara. Baadaye tuliona kwamba tumemwambia jambo lile lile aliloambiwa chuoni, kwa maneno mengine. Ndiyo sababu twaandika habari hii.

Karatasi ya ukutani

Siku chache baada ya hapo tulikwenda kusoma kanuni za chuo kile, zilizobandikwa ukutani karibu na biro ya karani. Watu wengi husema kwamba vyuo vyetu havina kanuni. Si kweli, kanuni zipo. Juu ya jambo hili tulikuta mistari mitatu. Wa kwanza wasema kwamba uhusiano wa mapenzi kati ya walimu na wanafunzi haupendezi. Wa pili wasema kwamba wanafunzi wa kike wavae mavazi ya heshima. Wa tatu wasema kwamba mwenye lalamiko alilete kwa maandishi, pamoja na ushahidi, kwa mkubwa wa idara yake. Ni hayo tu.

Wasomaji wetu wamezoea kuona katika kurasa hizi uhakiki wa kitabu au wa mchezo wa kuigiza. Leo twataka kuhakiki karatasi hii. Kanuni nayo ni maandishi, iliandikwa na watu, na watu wale walichagua maneno. Tukiyachunguza maneno yao, tutaelewa kwa nini baba wa Mikelenge alijibiwa vile alivyojibiwa. Mtu aliyemjibu hakuwa mtu mbaya. Alifuata tu maana iliyokwisha kuandikwa ukutani.

Tuanze na neno "mapenzi." Je, baba yule alikuja kushtaki mapenzi? La. Mwalimu hakumwambia binti kwamba ampenda, wala hakupeleka wazee kuposa. Alimwambia aje achukue pointi. Pointi zile zilikuwa tayari mali ya binti: alikuwa ameketi darasani, ameandika mtihani, amelipa pesa za masomo. Mtu akichukua mbuzi wako, kisha akasema atakurudishia ukimlimia shamba, hatusemi kwamba ninyi wawili mna urafiki. Twasema amekuibia, na sasa atumia wizi wake kukutumikisha. Karatasi ile imeweka neno "mapenzi" mahali palipotakiwa neno "kuonea." Tangu hapo kila kitu chapotea, maana mapenzi ni jambo la watu wawili, na mambo ya watu wawili humalizwa nyumbani.

Neno la pili ni "haupendezi." Mboga isiyo na chumvi haipendezi. Shati lisilopigwa pasi halipendezi. Kanuni hukataza au huruhusu. Karatasi hiyo hiyo, katika mstari mwingine, yasema kwamba mwanafunzi atakayekamatwa akinakili katika mtihani atafukuzwa. Basi chuo chajua kusema kwa ukali kinapotaka. Kimesema kwa ukali juu ya mwanafunzi aibaye pointi, na kwa upole juu ya mwalimu aziuzaye.

Mstari wa mavazi hatuna haja ya kuukawilia. Heshima ya mavazi ni jambo jema kwa wanaume na wanawake. Lakini tutazame mahali ulipowekwa. Kati ya mistari mitatu juu ya jambo hili, mmoja mzima ni wa kitambaa cha msichana, na hakuna hata mmoja juu ya mlango wa mwalimu. Msomaji mgeni angedhani kwamba hatari yote yatoka katika sketi.

Mstari wa tatu ndio mzito kuliko yote. Lalamiko liandikwe, nalo liwe na ushahidi. Ushahidi gani? Mwalimu mwenye nia hii hasemi neno lake mbele ya darasa. Humwita msichana peke yake, husema kwa mafumbo, na siku hizi hutumia simu kisha hufuta maneno yake. Na lalamiko lipelekwe kwa nani? Kwa mkubwa wa idara, ambaye huenda amesoma pamoja na mshtakiwa, au waandika kitabu pamoja, au, jambo limekwisha kutokea mahali pengi, ndiye mshtakiwa mwenyewe. Tena tazameni nani atendaye kazi katika mstari ule: mwenye lalamiko. Yeye aandike, yeye alete, yeye athibitishe. Chuo chenyewe kimeketi tu, kikingoja.

Jina lilivyopatikana kwingine

Tusidhani kwamba ugumu huu ni wa Kongo tu. Hata Marekani jina la kosa hili halina umri mkubwa. Lilianza kusikika mwaka 1975, huko Ithaca, mji wa Chuo Kikuu cha Cornell, wanawake walipokutana kusimuliana yaliyowapata kazini. Waliona kwamba kila mmoja alidhani jambo lile lilimpata yeye peke yake, kwa kuwa halikuwa na jina. Mwaka 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale walikishtaki chuo chao. Mmoja wao alidai kwamba profesa alimwahidi alama ya juu kwa bei ambayo msomaji aweza kuikisia. Hawakuomba mali. Waliomba chuo kiweke utaratibu wa kupokea na kusikiliza malalamiko, kwa maana hakikuwa nao. Mwaka 1980 mahakama ya rufani iliwakatalia. Lakini chuo kiliuweka utaratibu ule, na vyuo vingine vikafuata. Walishindwa barazani, wakapata walichokitaka.

Katika nchi zinazotumia Kifaransa, nasi tukiwamo, wanafunzi wamejitungia jina lao wenyewe. Husema "pointi zinazoambukizwa," wakiiga jina la magonjwa ya zinaa. Watu hucheka. Sisi tumeacha kucheka, kwa sababu moja: mzaha ule humwangukia msichana. Ukisikika, hakuna amwulizaye mwalimu kitu. Anayetazamwa ni msichana aliyefaulu. Yule aliyekesha na kitabu chake, na asubuhi akavuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli ili awahi darasa, akifaulu vizuri watu watanong'ona: je, amezipataje? Basi ugonjwa huu wawaumiza hata wale ambao hawakuguswa. Wavulana nao waumizwa, kwa maana wapewa cheti ambacho watu wamekwisha kukitilia shaka.

Ndugu zetu wa Tanzania wana jina lililo bora zaidi: "rushwa ya ngono." Sheria yao ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, yamtia hatiani mtu mwenye mamlaka ambaye, katika kuyatumia mamlaka yake, ataka ngono au upendeleo mwingine kama sharti la kumpa mtu kazi, cheo au haki. Adhabu iliyowekwa mwaka ule ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Twalisifu jina hilo kwa kuwa limeangalia mahali panapostahili. Halikuuliza msichana alivaaje. Limeuliza mkubwa alikifanyia nini cheo chake.

Lakini jina hilo nalo lina kasoro, na kasoro yake imeonekana. Rushwa, kwa desturi, ina watu wawili: mtoaji na mpokeaji. Mwaka 2024 lilitolewa pendekezo la kurekebisha sheria ile ili yule asemwaye kuwa ameitoa ngono apate naye kuwa na hatia. Watetezi wa haki za wanawake walilipinga kwa nguvu, wakisema kwamba litawafunga midomo walioonewa. Walisema kweli. Ni nani atakayekwenda kushtaki, akijua kwamba mlango anaoingia kama mlalamikaji aweza kuutokea kama mshtakiwa? Basi neno "rushwa" twalipokea kwa sharti moja: tusimhesabu kuwa mtoaji yule aliyeporwa.

Sheria za nchi zasemaje

Hapa kwetu sheria ipo. Katiba ya mwaka 2006 yaiagiza Leta ipige vita ujeuri dhidi ya wanawake. Na sheria ya tarehe 20 Julai 2006, iliyorekebisha sheria ya adhabu juu ya ujeuri wa kingono, yaitaja dhambi hii wazi. Yataja mtu ambaye, kwa maneno, kwa ishara, kwa amri, kwa vitisho, au kwa kuyatumia vibaya mamlaka apewayo na kazi yake, atafuta kwa mwingine mambo ya ngono. Adhabu iliyowekwa mwaka ule ni kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 12. Basi asiwepo mtu atakayetuambia kwamba jambo hili ni desturi za Wazungu zilizoletwa kutuvuruga. Bunge letu lililiandika, na liliandika maneno haya: mamlaka apewayo na kazi yake.

Hata hivyo twaona neno moja la kuangaliwa. Sheria ile ya 2006 yasema juu ya mwenendo unaoendelea. Sheria ya Kenya juu ya makosa ya kingono, ya mwaka huo huo wa 2006, katika kifungu cha 23, nayo yamsema mwenye mamlaka anayeendelea kutaka asivyotakiwa. Twaelewa sababu. Watunga sheria hawakutaka mtu afungwe kwa neno moja la kipumbavu lililotoka sokoni au kilabuni. Lakini chuo si soko. Mwalimu akimwambia mwanafunzi mara moja tu, "Ukitaka pointi zako, njoo kwangu usiku," hana haja ya kurudia. Neno lile litaendelea lenyewe ndani ya kichwa cha binti kila siku mpaka siku ya matokeo. Kwa hiyo chuo kisingoje mpaka kosa litimize kipimo cha hakimu. Hakimu hutafuta kama mtu apelekwe gerezani. Chuo chatafuta kama mtu huyu aaminiwe tena na kalamu nyekundu. Haya ni maswali mawili, na la pili lina kipimo cha karibu zaidi.

Je, kuandika kanuni nzuri kwatosha? Hakutoshi. Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, kiliandika kanuni zake dhidi ya unyanyasaji wa kingono tangu mwaka 2006, mapema kuliko vyuo vingi vya Afrika. Lakini mwaka 2018 kililazimika kuunda kamati, ikiongozwa na Profesa Sylvia Tamale, ichunguze kwa nini maovu yale yangali yakiendelea. Mwaka huo huo wa 2018, huko Dar es Salaam, mwalimu wa chuo kikuu, Dk. Vicensia Shule, alitamka hadharani kwamba rushwa ya ngono imezidi chuoni, wakati Rais Magufuli alipokwenda kufungua maktaba mpya. Mwalimu huyo aliitwa na chuo chake ajieleze. Baadaye ofisi ya kuzuia rushwa, TAKUKURU, ilifanya uchunguzi wake katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Ikiwa mwalimu mwenye shahada ya udaktari, akisema jambo, ndiye aitwaye kwanza, je, msichana wa mwaka wa kwanza atategemea nini?

Na mwaka 2019 mwandishi wa BBC, Kiki Mordi, pamoja na wenzake, walionyesha filamu juu ya Chuo Kikuu cha Lagos na Chuo Kikuu cha Ghana. Waandishi wa kike walijifanya wanafunzi, wakaficha kamera katika mavazi yao, wakanasa maneno ya walimu. Watu wengi walishangaa. Vyuo vilichukua hatua, na mwaka 2021 Lagos iliwaachisha kazi walimu wawili. Sisi tulipoitazama filamu ile tulijiuliza swali lingine. Wanafunzi wenyewe walikuwa wakijua miaka mingi. Kwa nini ilihitajiwa kamera ya siri ili wakubwa nao wajue? Ni kwa sababu ya mstari kama ule wa tatu wa karatasi yetu: alete ushahidi. Chuo kinachongoja ushahidi wa namna hiyo chasema, bila kutamka, kwamba kila msichana aende na kamera.

Hata sisi tuliojifunza kwa machozi

Isisemwe kwamba twanyosha kidole kwa jirani, na nyumba yetu twaiacha. Kanisa lenyewe limeonja uchungu wa makosa ya namna hii, na uchungu wa kuyafunika. Mara nyingi nasi tulisema maneno yale yale: jina lisiharibike, yamalizwe kimya, mtu ahamishwe. Mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa sheria iitwayo Vos estis lux mundi. Katika sheria ile, kumlazimisha mtu kwa kuyatumia vibaya mamlaka kumetajwa pamoja na kumlazimisha kwa nguvu au kwa vitisho. Kila jimbo liliagizwa kuweka mahali pa wazi pa kupokelea taarifa. Padri au mtawa apatapo habari amewajibishwa kuitoa, asingoje aliyeumizwa aje mwenyewe. Na atoaye taarifa asilipizwe kisasi.

Hatusemi kwamba yote yamekwisha kunyooka. Twasema tu kwamba tulijifunza jambo moja kwa gharama kubwa, na vyuo vyetu vyaweza kulichukua bila kulipa gharama ile tena. Jambo lenyewe ni hili: mwenye kuonewa asiachiwe peke yake mzigo wa kushtaki. Nyumba ambamo maovu yametendeka ndiyo iliyokosewa pia, nayo isimame.

Maneno ya wapinzani

Tulipoongea habari hizi na walimu kadhaa hapa mjini, watu wema na wenye kazi zao, walitupa majibu matatu. Ni haki tuyajibu.

Wa kwanza alisema: "Wako wasichana wanaowatega walimu wenyewe ili wapate pointi bila kusoma." Inawezekana wapo. Lakini hakimu akiletewa mbuzi usiku, wajibu wa kuukataa ni wa nani? Ni wa hakimu, maana yeye ndiye aliyeshika mizani. Mwanafunzi aliyefanya hivyo aonywe na kuadhibiwa kama anayenakili mtihani. Mwalimu aliyepokea ameuza kitu kisicho chake. Pointi si mali ya mwalimu, ni mali ya chuo, naye amekabidhiwa tu kuzigawa kwa haki.

Wa pili alisema: "Mwalimu aweza kusingiziwa na mvivu aliyeanguka mtihani." Kweli, aweza. Ndiyo maana twataka utaratibu. Pasipo na utaratibu mnong'ono ndio hakimu, na mnong'ono hausikilizi upande wa pili. Mwalimu asiye na hatia atalindwa na kamati inayouliza maswali na kuandika majibu, kuliko kulindwa na kimya kinachowatia doa walimu wote pamoja.

Wa tatu alisema juu ya umaskini: mishahara ni midogo, hukawia, na walimu huishi kwa kuuza sillabusi. Twamsikitikia kwa moyo, na twasema wazi kwamba mwalimu asiyelipwa ameonewa. Lakini njaa yaweza kueleza kwa nini mtu ameuza sillabusi kwa bei ya juu. Haielezi kwa nini amemwita binti ya mwenziwe usiku. Ndoto ile haitoki tumboni.

Karatasi mpya

Basi ingekuwa vema kanuni iandikweje? Si kazi yetu kuwaandikia wakubwa wa vyuo. Lakini mhakiki asiyeweza kusema jambo jema lingekuwaje, uhakiki wake ni nusu.

Kwanza, kosa lipewe jina lake. Karatasi iseme kwamba ni marufuku kwa mwalimu, asistanti, karani au yeyote mwenye uwezo juu ya pointi, mitihani au kazi za mwisho wa masomo, kutaka au kupokea ngono kwa mwanafunzi aliye chini ya uwezo wake, na kwamba mara moja yatosha. Isianze kwa kuuliza kama binti alikubali. Ianze kwa kuuliza cheo kilitumiwaje. Mwenye njaa akikubali kumwuzia tajiri shamba lake kwa kikapu cha mihogo, twajua kukubali kule kuna thamani gani.

Pili, chuo kipunguze nafasi za kukosea kabla ya kungoja makosa. Karatasi za mtihani zisahihishwe kwa namba pasipo majina. Pointi zitolewe ubaoni au birooni, kamwe zisitolewe nyumbani. Mwanafunzi apewe ruhusa ya kubadilishiwa msimamizi wa kazi yake ya mwisho pasipo kulazimishwa kueleza sababu mbele ya watu. Mambo haya hayahitaji fedha za wafadhili. Yahitaji uamuzi wa mkutano mmoja.

Tatu, mahali pa kupokelea lalamiko pasiwe mlango mmoja wa mkubwa wa idara. Iwe kamati yenye wanawake, na mtu mmoja walau kutoka nje ya chuo. Lalamiko la mdomo lipokelewe, na kamati ndiyo iandike. Kutafuta ushahidi iwe kazi ya kamati. Wakati shauri likisikilizwa, karatasi za mtihani za binti zipelekwe kwa msahihishaji mwingine, ili asipoteze mwaka. Mshtakiwa naye asikilizwe kwa ukamilifu, na akionekana hana kosa, litangazwe kwa sauti ile ile.

Nne, mapatano ya siri yakome. Baba akipewa fedha au mbuzi ili anyamaze, ni nani aliyelipwa? Si binti. Wala si binti mwingine atakayekaa katika kiti kile mwaka ujao. Chuo kiseme kwamba shauri hili ni la chuo. Likiwa kosa la sheria, lipelekwe kwa wakubwa wa sheria, na chuo kimsindikize aliyeonewa mpaka barazani, asipande ngazi zile akiwa na mama yake tu.

Karatasi ya namna hiyo haitakuwa ndefu. Itakuwa nusu ukurasa. Lakini mtu wa birooni akiulizwa na mzazi, hataweza tena kujibu kwamba ni habari ya familia mbili.

Baba wa Mikelenge alirudi kwetu miezi michache iliyopita kwa jambo lingine. Tulimwomba radhi kwa shauri tulilompa. Alinyamaza, kisha akauliza: "Sasa, nikienda tena kuulizia pointi za mtoto, mtakuja nami?" Tulijibu ndiyo. Tumekwisha kwenda mara moja. Tulipokelewa kwa heshima, tukaambiwa turudi. Tutarudi. Binti yule wakati huu auza mafuta ya mawese sokoni pamoja na mama yake, na daftari zake bado amezitunza ndani ya sanduku. Wasomaji wetu walio walimu, wakubwa wa vyuo na wajumbe wa juri, twawaomba jambo moja. Kesho asubuhi, kabla ya kuingia darasani, simameni mbele ya karatasi ya ukutani kwenu, muisome mkidhani kwamba ninyi ndio baba yake.